UCHAMBUZI: Mafuta ya mimea yaweza kuzuia matunda kuoza, ila safari ya kutoka maabarani ni ndefu

PARACHICHI huchumwa likiwa gumu, la kijani na lisilo na doa. Hupimwa, husafishwa, hupangwa katika katoni na kuanza safari ya majuma kadhaa kuelekea ng'ambo. Siku katoni inapofunguliwa, ngozi yake imejaa mabaka meusi na nyama ya ndani imeanza kuoza. Mnunuzi hukataa kulipa bei kamili. Msafirishaji humsukumia wakala hasara hiyo, naye wakala humsukumia mkulima wa Gatanga au Kandara ambaye hakuona kasoro yoyote katika mazao yake.

Hasara ya aina hii ndiyo inayoupa uzito mjadala kuhusu matumizi ya mafuta ya kunukia ya mimea katika kuhifadhi matunda. Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, watafiti katika mataifa mbalimbali wameonyesha kuwa mafuta ya karafuu, mdalasini, mchaichai na zaatari, ambayo wapishi wengi huiita thaimu, yanaweza kudhibiti kuvu zinazoozesha matunda baada ya kuvunwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi huo imebakia katika maabara na kurasa za majarida ya kitaaluma, mbali na vituo vya kufungashia matunda.

Swali, basi, si tena iwapo mafuta hayo yana uwezo wa kuzuia kuvu. Swali ni nani atakayeyatoa maabarani na kuyafikisha kwa mkulima mdogo, tena kwa gharama anayoweza kuimudu.

Eneo lililo kati ya Ruiru na Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi katika barabara kuu ya Thika, lina kila sababu ya kulijibu swali hilo. Ruiru ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa. Juja, iliyo katikati, ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Nje ya mji wa Thika kuna taasisi ya utafiti wa kilimo cha bustani ambayo, sawa na ile ya kahawa, iko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kandokando ya taasisi hizo kuna mashamba ya mananasi ya Thika na maelfu ya wakulima wa maparachichi wa kaunti za Kiambu na Murang'a.

Adui aliyejificha ndani ya ngozi

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa parachichi mambo ni kinyume: lisilo na kovu usidhani ni zima.

Ugonjwa unaosababisha mabaka hayo meusi hujulikana kwa jina la chule. Huletwa na kuvu za jamii ya Colletotrichum, ambazo hushambulia pia maembe, mapapai na ndizi. Mvua inaponyesha, matone huchukua viini vya kuvu kutoka katika matawi makavu na majani yaliyokufa na kuvitupa juu ya tunda changa. Kiini huota, hujibandika, hutoboa tabaka la juu la ngozi, kisha hutulia.

Hutulia kwa sababu parachichi bichi lina kinga yake. Ngozi yake huwa na kemikali za asili zinazoizuia kuvu kuendelea. Tunda linapoanza kuiva, kemikali hizo hupungua na kuvu huamka. Ndiyo maana mkaguzi mwenye macho makali hawezi kulitambua tunda lililoambukizwa pale linapochambuliwa. Kuvu nyingine huingilia kwenye kikonyo kilichokatwa na kuozesha tunda kuanzia huko.

Maelezo haya yana maana kubwa kwa yeyote anayetafuta tiba. Kuosha tunda hakutoshi, kwani adui amekwisha kuingia. Dawa inayotumiwa baada ya mavuno sharti ipenye ngozini au iliamshe tunda lenyewe kujikinga.

Milango ya kemikali yazidi kufungwa

Kwa miaka mingi, suluhisho la wafanyabiashara wakubwa wa matunda duniani limekuwa kemikali za viwandani. Nchini Afrika Kusini, kwa mfano, vituo vya kufungashia maparachichi vilitegemea sana dawa iitwayo prochloraz. Idhini ya dawa hiyo katika Umoja wa Ulaya ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2021.

Kwa kemikali ambazo hazijawekewa kiwango maalumu, kanuni za umoja huo huruhusu mabaki yasiyozidi miligramu 0.01 kwa kila kilo ya chakula. Hiyo ni sawa na gramu moja katika tani 100 za matunda. Mkulima aliyetumia dawa isiyofaa, au aliyenyunyiza siku chache tu kabla ya kuvuna, anaweza kuifanya shehena nzima ikataliwe. Hapa msemo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza unakuwa kanuni ya biashara.

Kenya imewahi kuonja shubiri hiyo. Mnamo Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi kutoka humu nchini baada ya mabaki ya dawa za wadudu kupatikana mara kwa mara. Walioumia zaidi walikuwa wakulima wadogo, ambao baadhi ya wanunuzi waliwaona kuwa vigumu kuwafuatilia.

Kisha kukazuka tatizo la bahari. Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya wapiganaji wa Houthi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimu kampuni nyingi za uchukuzi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya maparachichi kutoka Mombasa hadi Ulaya, ambayo kwa kawaida ilichukua takriban mwezi mmoja, ikaongezeka kwa majuma mawili hivi. Kila siku ya ziada baharini ni siku ya ziada kwa kuvu iliyolala ndani ya ngozi.

Mambo mawili, kwa hiyo, yamemkaba mwenye matunda kwa wakati mmoja. Dawa alizozitegemea zinapungua, na muda ambao tunda linapaswa kustahimili unaweza kurefuka bila ya onyo.

Somo la Ruiru

Wanaodhani kuwa jibu ni kutafuta tu kemikali nyingine mpya wanapaswa kutazama historia ya kahawa.

Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao wakulima wa Tanzania huuita chule buni, uliripotiwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Kuvu inayouleta, Colletotrichum kahawae, ni ya jamii moja na ile inayoozesha maparachichi. Katika miaka ya 1970, wakulima walizikumbatia dawa mpya za kundi la benomyl kwa matumaini makubwa. Miaka michache baadaye, aina za kuvu zisizouawa na dawa hizo zilikwisha kuonekana mashambani.

Watafiti wa Ruiru hawakukomea kwenye bomba la kunyunyizia. Walizalisha aina ya mibuni yenye uwezo wa kuustahimili ugonjwa, na mwaka 1985 wakaitoa kwa wakulima kwa jina la Ruiru 11. Mwaka 2010 ikafuata aina ya Batian.

Funzo lipo wazi. Kuvu hujifunza. Dawa inayoshambulia sehemu moja tu ya kuvu huipa adui nafasi ya kutafuta njia ya kukwepa. Hapa ndipo mafuta ya mimea yanapovutia, kwa kuwa ni mchanganyiko wa kemikali nyingi za asili zinazoshambulia kwa njia kadhaa. Kemikali kama eugenol ya karafuu na thymol ya zaatari hupenya katika utando wa seli za kuvu na kuufanya uvuje. Ni vigumu zaidi kwa kuvu kujikinga dhidi ya kipigo cha namna hiyo.

Ushahidi uliopo

Nchini Afrika Kusini, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walionyesha kuwa mvuke wa mafuta ya kunukia, yakiwemo ya zaatari, ulipunguza chule katika maparachichi. Muhimu zaidi ni kwamba mvuke huo uliongeza utendaji wa vimeng'enya vinavyolisaidia tunda kujikinga. Kwa ugonjwa unaojificha ndani ya ngozi, matokeo hayo yana uzito.

Nchini Malaysia, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulichukua njia tofauti. Ndizi na mapapai yalipakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na mafuta ya mchaichai au mdalasini. Mchanganyiko wa gundi ya asilimia 10 na mafuta ya mdalasini ya asilimia 0.4 ulifanya vyema zaidi katika kuzuia chule. Gundi iliyashika mafuta yasitoroke haraka hewani, na papo hapo ikapunguza kasi ya tunda kupoteza maji.

Ajabu ni kwamba viungo hivyo vyote vinapatikana Afrika Mashariki. Gundi ya mgunga huvunwa Turkana, Samburu na Isiolo. Mdalasini na mchaichai humea Zanzibar na kwingineko katika ukanda huu. Kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo cha Wawi, kilicho chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hukamua mafuta kwa mvuke kutokana na vikonyo vya karafuu, vitu ambavyo vingeweza kutupwa baada ya karafuu zenyewe kuchambuliwa.

Wala kazi ya kukamua mafuta si ya viwanda vikubwa pekee. Kando ya msitu wa Kakamega, kundi la wakulima la Muliru lilijifunza kukuza aina ya mrehani wa Kilimanjaro na kukamua mafuta yake kwa ajili ya marashi ya dawa yanayoitwa Naturub. Mwaka 2010 kundi hilo lilishinda tuzo ya Equator inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Bidhaa yao haihusiani na matunda, lakini inathibitisha kuwa wakulima wadogo wanaweza kuendesha mtambo wa mvuke na kuuza kitu chenye thamani.

Hata Ulaya kwenyewe, ambako kemikali zinabanwa, mlango wa mafuta haya uko wazi kiasi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliidhinisha eugenol, geraniol na thymol kuwa viambato vya dawa za kulinda mimea.

Asili haimaanishi salama wala rahisi

Pamoja na hayo yote, si haki kumuuzia mkulima matumaini yasiyo na mizani. Mafuta ya kunukia yana kasoro zake, na baadhi yake ni nzito.

Ya kwanza ni harufu. Kiasi kinachotosha kuua kuvu chaweza kulifanya tunda linuke karafuu. Mlaji wa embe hataki kuonja pilau.

Ya pili ni kuungua. Mafuta makali huchoma ngozi ya tunda na kuacha mabaka yasiyotofautiana sana na ya ugonjwa wenyewe. Nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru mara nyingine ni nyembamba sana. Isitoshe, mafuta hayachanganyiki na maji. Anayemimina chupa ya mafuta katika pipa la maji na kutumbukiza maparachichi atayaunguza machache yatakayokutana na mafuta yanayoelea, na mengine yatatoka bila kupata chochote. Ndiyo maana gundi, nta au kiunganishi kingine ni sehemu ya dawa yenyewe.

Ya tatu ni kubadilika kwa ubora. Mafuta ya mmea mmoja hutofautiana kulingana na udongo, msimu, sehemu ya mmea iliyokamuliwa na muda wa kukamua. Kituo cha kufungashia hakiwezi kufanya kazi na dawa ambayo nguvu zake za Machi si zile za Julai.

Ya nne ni afya ya wafanyakazi. Eugenol na thymol huwasha ngozi na macho. Mwanamke anayepanga matunda siku nzima katika chumba kilichojaa mvuke huo anahitaji glavu na hewa safi, hata kama chupa imeandikwa kuwa ni bidhaa ya asili.

Ya tano ni sheria. Bidhaa yoyote inayouzwa kwa ahadi ya kuangamiza kuvu katika mazao inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu (PCPB), chini ya Sura ya 346 ya Sheria za Kenya. Usajili huhitaji majaribio ya humu nchini. Kampuni kubwa huweza kugharamia safari hiyo. Kundi la wakulima, au mhadhiri mwenye matokeo mazuri na ruzuku iliyokwisha, ni vigumu kufanya hivyo. Aghalabu hapo ndipo utafiti hukwama.

Kulegeza sheria hadi kila mchuuzi auze chupa yake si jawabu. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuondolewa sokoni kwa dawa kadhaa za kilimo kutokana na hofu ya madhara kwa afya na mazingira. Itakuwa kichekesho ikiwa pengo lililoachwa na dawa hizo litajazwa na chupa zisizopimwa, eti kwa kuwa zina picha ya jani.

Soko lisilohesabiwa

Mjadala huu umeelemea mno matunda ya ng'ambo. Kuna upande wa pili ambao haupati nafasi ya kutosha.

Matunda yanayoingia katika masoko ya Thika na Ruiru husafirishwa kwa magunia au kumwagwa katika vyombo vya kubebea bila kitu cha kuyakinga. Huchubuka njiani, hukaa juani, na mengi hayaoni chumba cha baridi hata siku moja. Mchuuzi akifungua gunia na kukuta embe kadhaa zimeoza, hasara hiyo haiandikwi popote. Humalizwa kwa kupunguza faida ya siku na kutupa jaani kile ambacho watoto wa jirani wangekila.

Viongozi wa Afrika waliokutana Malabo mwaka 2014 waliahidi kupunguza kwa nusu hasara zinazotokea baada ya mavuno kufikia mwaka 2025. Mwaka huo umepita. Malengo ya Maendeleo Endelevu nayo yanataka hasara hizo zipunguzwe kufikia 2030. Haiwezekani kulifikia lengo hilo kwa kulinda katoni za ng'ambo na kusahau magunia ya nyumbani.

Kwa mchuuzi wa nyumbani, hatua za kwanza hazihitaji mafuta yoyote. Mkulima akate matawi makavu yanayohifadhi viini vya kuvu. Akate kikonyo kwa mkasi badala ya kulivuta tunda. Kreti zitumike badala ya magunia. Matunda yaondolewe juani mara tu yanapochumwa. Kwa maembe, kuyatumbukiza katika maji ya moto yaliyopimwa vyema ni njia inayojulikana kupunguza chule. Mafuta ya kunukia yanaweza kuongeza siku juu ya msingi huo. Hayawezi kuliokoa tunda lililokwisha kupondwa njiani.

Kinachohitajika

Jaribio linalohitajika sasa ni la kituoni, na taasisi zilizo kati ya Ruiru na Thika zinaweza kulifanya kwa pamoja. Lichukue maparachichi yaliyoambukizwa kwa njia ya kawaida shambani badala ya yale yaliyopakwa kuvu maabarani. Liyaweke katika baridi ya mezani kwa siku 30, kisha kundi jingine kwa siku 45, kana kwamba meli imezunguka kusini mwa Afrika. Baada ya kuiva, yakatwe, yahesabiwe na yaonjwe na walaji wa kawaida. Matokeo yalinganishwe na matunda yaliyooshwa kwa maji matupu, na gharama itajwe kwa kila katoni ya kilo 4. Hesabu kwa kila lita ya mafuta hufurahisha maabara, lakini mfungashaji hununua kwa katoni.

Matokeo hayo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Mkulima atanufaika kujua kuwa mafuta fulani hayafai kuliko kuligundua hilo kwa fedha zake mwenyewe.

Nazo serikali za kaunti za Kiambu na Murang'a, badala ya kugawa miche pekee, zinaweza kugharamia majaribio ya usajili kwa niaba ya vyama vya wakulima. Bodi ya PCPB nayo ina nafasi ya kuweka utaratibu mwepesi zaidi kwa viambato vinavyojulikana kuwa na hatari ndogo, bila ya kuacha kupima ubora.

Libakie suala la haki. Iwapo siku moja wanunuzi wa ng'ambo watadai matunda yaliyokingwa kwa mafuta ya mimea, gharama ya mafuta hayo itaanza safari ile ile ambayo hasara huipitia leo: kutoka kwa mnunuzi hadi kwa msafirishaji, kwa wakala, na mwishowe kwa mwenye miti kumi kule Kandara. Mkataba usipoandika mapema ni nani atakayelipa, dawa mpya itakuwa makato mapya.

Mkulima huyo hahitaji kuambiwa kuwa karafuu inanukia vizuri. Anahitaji kujua kwamba tunda aliloliuza likiwa zima litafika likiwa zima, na kwamba likioza njiani kutakuwa na mtu wa kumweleza kwa nini.